Chai Yenye Ladha ya Ufunguo

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Mtaani walimwita Komeo, na nyumbani, tangu mkewe alipojifungua mabinti wawili kwa mpigo, akawa Baba Pacha. Alikuwa fundi wa kufuli na vitasa. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la vifaa vya ujenzi na ngazi za kupandia ghorofani, na ndani hamkuwa na nafasi ya mtu wa pili kugeuka: benchi, jiliwa la kubania chuma, tupa za kila ukubwa, na ukuta mzima wa funguo ambazo zilikuwa hazijachongwa bado.

Alikuwa na tabia moja ambayo mkewe aliikemea mpaka akachoka. Mikono yote miwili ikiwa na kazi, aliubana ufunguo wa mfano kwa meno. Kwa hiyo ladha ya chuma aliijua kama mpishi anavyojua chumvi. Shaba, alisema, ina utamu wa mbali. Chuma cha bei rahisi ni kama damu.

Kazi hiyo haimfundishi mtu kuamini watu. Zamani, mabinti wakiwa bado wanatambaa, bwana mmoja aliyevaa vizuri alimchukua mpaka kwenye nyumba nzuri, akasema ni yake, kapoteza ufunguo. Komeo akafungua. Bwana akashukuru, akashukuru tena, akamshika na bega. Kumbe nyumba ilikuwa ya shemeji yake aliyesafiri, na Komeo akalala kituo cha polisi akijieleza. Tangu hapo hakufungua hata sanduku la bibi kizee bila kuuliza shahidi. "Mtu akikushukuru haraka mno, mtazame mikono," aliwaambia mabinti zake walipokua. Usiku alifunga mlango, akautikisa, akaenda kulala, akarudi kuutikisa tena. Mama Pacha aliwaambia wenzake kule dobi, alikokuwa akipiga pasi, kwamba wao wameolewa na wanaume, yeye kaolewa na kufuli. Walicheka, naye akacheka.

Uvimbe ulimtokea chini ya taya. Mwanzoni alidhani ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukabaki, ukapata na mwenzake shingoni. Hospitali walikata kipande wakakipima, na daktari akawaita wote wawili wakae. Saratani ya tezi, alisema, lakini ya aina inayotibika. Atatundikiwa dripu ya dawa, apumzike wiki kadhaa, atundikiwe tena, hivyo hivyo kwa miezi.

"Dawa hii ni kali," daktari alisema. "Itakusumbua kabla haijakusaidia."

Komeo hakuipenda kauli hiyo. Fundi anayekuonya mapema kwamba kitasa kinaweza kuharibika huwa ameshakiharibu.

Walipotoka nje alimwambia mkewe jambo moja tu: mtu yeyote asijue. Wateja wakisikia fundi anaumwa watahamia kwingine, na majirani wakisikia watakuja kukaa sebuleni na nyuso za msiba. Mabinti, ambao wote wawili walikuwa wameolewa miji ya mbali, waambiwe ni vidonda vya tumbo. Mama Pacha alikubali kwa shingo upande.

Dripu ya kwanza ilipita salama. Alirudi kwa miguu yake, akala wali, akajisifu. Kesho yake ndipo kichefuchefu kilipoingia. Hakikuwa kile cha mtu aliyekula kibovu, akatapika akapata nafuu. Hiki kilikaa kooni kama mgeni aliyekataa kuaga. Harufu ya vitunguu kwenye mafuta ya moto ilimtoa kitandani mbio hadi chooni. Harufu ya sabuni ilimtoa. Siku moja harufu ya nguo safi za mkewe, zile zilizonyooshwa kwa pasi, ilimtoa pia, na Mama Pacha akabaki amesimama mlangoni akijinusa mabega.

Kisha kizunguzungu. Akiinuka, sakafu iliinama upande mmoja kama meza yenye mguu mfupi, na masikioni kulivuma. Alijifunza kutembea akipapasa ukuta.

Na kisha chai. Asubuhi moja mkewe alimletea kikombe, akanywa fundo moja, akatulia. Akanywa la pili polepole, akalizungusha mdomoni. Ilikuwa na ladha ya ufunguo. Si wa shaba. Wa kile chuma cha bei rahisi.

"Hii chai umeweka nini?"

"Majani na sukari. Niweke nini kingine?"

"Ina chuma."

Mama Pacha alikichukua kikombe, akaonja. "Mimi sisikii kitu, Baba Pacha."

Alimtazama akionja. Aliona kama amegusisha midomo tu, hakumeza. Machale yalimcheza.

Baada ya hapo kila kitu kilikuwa na ufunguo ndani yake: maji ya mtungi, uji, hata mate yake mwenyewe alipoamka. Alichunguza sufuria, hazikuwa na kutu. Alichunguza kijiko. Mchana mkewe akiwa kazini alimwaga maji ya mtungi kwenye beseni jeupe akaangalia kama kuna vumbi la tupa litakalotulia chini. Hakikutulia kitu. Hilo halikumpa amani. Alijua kitasa kinaweza kuwa kimechezewa na usione mkwaruzo hata mmoja.

Siku ya dripu ya pili alikwenda chooni kutapika hata kabla hawajamtundikia. Aliporudi, akishika ukuta wa ukumbi, aliwaona mkewe na muuguzi kwenye kona, vichwa vimekaribiana. Muuguzi huyo alikuwa mwanamke wa makamo aliyewaita wagonjwa wote "mzee", hata vijana. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, na Mama Pacha anaitikia kwa kichwa, kanga ameikamata kifuani. Walipomwona walinyamaza.

"Mlikuwa mnaongea nini?" alimuuliza mkewe njiani.

"Habari za chakula tu."

"Chakula cha nani?"

"Chako."

Alirudia jibu hilo kichwani usiku kucha. Na tangu wiki hiyo jambo jipya likaanza. Nyumba ikaacha kunuka chakula. Hapakuwa na vitunguu, hapakuwa na mvuke, lakini jioni bakuli lililofunikwa lilitua mbele yake: viazi vilivyopondwa, wali baridi, supu iliyopoa. Komeo alisubiri mkewe akaoge, akajikokota jikoni, akaweka kiganja juu ya jiko. Lilikuwa la baridi kama kaburi.

"Umepika saa ngapi?" alimuuliza alipotoka bafuni.

"Mapema. Ulikuwa umelala."

Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kitandani mchana mzima akisikiliza nyumba yake, kama alivyozoea kusikiliza pini ndani ya kufuli, na jikoni hakukuwa na mlio hata wa kifuniko. Kwa hiyo mkewe alikuwa amemdanganya. Mpaka hapo alikuwa na wasiwasi. Sasa alikuwa na ushahidi.

Kulikuwa na mengine. Mama Pacha hakula naye tena. "Nimeshiba, nimekula kazini," alisema kila jioni, na macho anayapeleka pembeni. Lakini hakuwa amekonda. Yeye Komeo mkanda ulikuwa umehama matundu, shingo imekuwa ya kuku, na mkewe mashavu yanang'aa. Mabinti walipopiga simu, mmoja alisema, "Baba, kula hata kidogo kidogo," kwa sauti ambayo mtu hamtolei mwenye vidonda vya tumbo. Wameambiwa, akafikiri. Wameambiwa kitu ambacho mimi sijaambiwa.

Na vile vidonge. Hospitali walitoa vidonge vyeupe vya kuzuia kutapika, vikawa kwenye bahasha ndogo, na mkewe akampa kimoja kimoja kutoka kiganjani mwake. Kidonge kisicho na kifuniko, kutoka mkononi mwa mtu aliyekwisha kukudanganya. Alikiweka chini ya ulimi, akanywa maji, mkewe akigeuka akakitema. Dirishani palikuwa na kufuli kubwa la zamani ambalo alikuwa amelitoa matumbo, na humo ndimo alimovitumbukiza, kimoja baada ya kingine.

Angefikiri nini? Wote tumesikia kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikuwa ameona kwa macho yake, katika miaka ya kufungua masanduku ya watu, nguo hizo zinavyofanana. Mke aliyetaka droo ya mumewe ifunguliwe. Mtoto aliyetaka kabati la mama yake, na mama yu hai amelala chumba cha pili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sura ya mtu mbaya. Kitu kimoja tu hakikuingia akilini: Mama Pacha angepata nini? Nyumba ilikuwa ya kupanga. Akatafuta sababu, akaikosa, akasema moyoni kwamba kutoiona sababu si kusema haipo.

Basi akakata shauri. Atakula vitu vilivyofungwa tu.

Yai linakuja na ganda lake. Ukilichemsha mwenyewe, ukalipoza, ukalimenya, hakuna aliyeingia kabla yako. Ndizi ina ganda. Chungwa lina ganda, na ukilinusa kwanza, kichefuchefu hurudi nyuma kidogo. Karanga zina maganda. Biskuti kavu za pakiti zina gundi, na gundi ikibanduliwa huonekana. Aliviweka kwenye sanduku lake la vifaa chini ya kitanda, akalitia kufuli alilolitengeneza mwenyewe, na kila alipojisikia alijifungulia: nusu yai, biskuti mbili, kipande cha ndizi. Chakula cha mkewe alikimwaga chooni akivuta maji taratibu. Mama Pacha alichukua bakuli tupu, akatabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Komeo kuliko chochote.

Alipopanda mizani siku ya dripu ya tatu, muuguzi aliangalia namba mara mbili.

"Mzee, safari hii hujapungua. Umefanyaje?"

"Mayai," Komeo alisema. "Ndizi. Biskuti."

"Vikavu, havina harufu, kidogo kidogo. Nani kakufundisha? Hivyo ndivyo tunavyowaambia watu na hawasikii." Akamvuta kope la chini, akamtazama midomo. "Maji je, unakunywa?"

"Nakunywa."

Alisema uongo. Maji ya mtungi hayakuwa na ganda, na ya bomba yalikuwa na ladha ile ile ya ufunguo, kwa hiyo alipitisha siku kwa chungwa na fundo mbili tatu. Lakini maneno ya muuguzi aliyabeba kwenda nayo nyumbani kama hati. Niliacha chakula chake, nikaacha kupungua. Ushahidi gani mwingine? Na kizunguzungu kilipozidi wiki hiyo, mpaka akawa anaona vimulimuli akiinuka tu, hakukihusisha na kukosa maji. Alisema ni ile sumu ya zamani inatoka.

Alasiri moja, jua likiwa bado juu, Mama Pacha alirudi mapema kutoka kazini. Alimchungulia chumbani. Komeo akafumba macho, akapumua kama mtu aliyelala. Akasikia sufuria ikitolewa kabatini, kisha mlango wa nyuma, kisha kandambili zikienda zake.

Akainuka kwa mkupuo. Chumba kikazunguka, akakishika kitanda, akasubiri, akaenda. Uani palikuwa na kamba za nguo, na aliishika kamba moja akaifuata kama kipofu, shuka zikimpiga usoni, mpaka upande wa pili, kwenye mlango wa jikoni wa jirani.

Jirani huyo alikuwa mshonaji, mjane, na mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa sababu ya ulimi wake zaidi kuliko kazi yake. Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya vitunguu ilimpiga Komeo kabla ya kitu kingine, akaziba pua kwa kiganja akachungulia. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kigoda, sahani ya wali na mchuzi mapajani, anakula kama mtu aliyetoka shambani. Sindano alikuwa akikoroga sufuria na kusimulia jambo la mteja aliyetaka gauni lipanuliwe huku akiapa kwamba hajanenepa. Mama Pacha akacheka. Akacheka mpaka punje zikamtoka mdomoni, akajifuta machozi kwa kiwiko.

Komeo alikuwa hajausikia mcheko huo tangu siku ya daktari. Alikuwa amejiandaa kuona unga kwenye karatasi, au chupa. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Alifungua mdomo aseme, masikio yakavuma, na mlango ukaondoka.

Alipozinduka alikuwa amelala sakafuni, miguu imeinuliwa juu ya gunia la vitambaa chakavu. Sindano alikuwa akimpepea kwa kipande cha kadibodi. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti, kikombe cha maji mkononi.

"Kunywa, Baba Pacha."

Alikisukuma kikombe. Alikuwa hana nguvu ya kuficha kitu tena, maneno yakatoka yenyewe.

"Unaniwekea nini?"

"Nini?"

"Kwenye chakula. Unaniwekea nini? Kwa nini unapikia huku? Jiko la nyumbani ni baridi, nililishika. Uliniambia umepika mapema. Sikuwa nimelala."

Sindano aliacha kupepea. Mama Pacha alibaki na kikombe hewani. Usoni mwake hapakupita hasira. Kilipita kitu kama mtu anayehesabu, anayeunganisha bakuli moja na jingine.

"Kwa hiyo vile vyakula," alisema taratibu. "Hukuwa unavila."

Komeo aligeuzia uso ukutani.

"Yai na ndizi. Sanduku lile chini ya kitanda. Nilidhani ni ugonjwa unachagua." Akaweka kikombe chini. "Ulikuwa unajikinga na mimi."

"Shemeji," Sindano alisema, na safari hii ulimi wake haukuwa na ncha, "muuguzi ndiye aliyemwambia asipikie nyumbani. Harufu ya moto ndiyo inayokutapisha. Apike mbali, akuletee kimepoa. Hakukwambia kwa sababu ulikataza sisi tusijue. Angesema anapika kwangu, ungejua nimeshajua."

"Na wewe na muuguzi mlikuwa mnanong'ona nini siku ile?" Komeo alimuuliza mkewe.

Mama Pacha alisimama, akapangusa magoti. "Nilimuuliza kama utapona," alisema. "Sikutaka usikie nikiuliza."

Akatoka nje, akapita kati ya shuka, akaenda.

Sindano ndiye aliyempeleka hospitali. Walimtundikia maji matupu, chupa mbili, na ilipofika nusu ya ile ya pili Komeo alishangaa kuona dari limetulia mahali pake. Muuguzi alimkalia pembeni. Mwili uliokauka hushikwa na kizunguzungu, alimwambia. Damu inakuwa chache, kichwa hakifikiwi. Anywe fundo dogo dogo siku nzima, asingoje kiu, na kama maji yanamchukiza atie limau. Asiinuke kwa mkupuo: akae kwanza ukingoni, miguu ining'inie, ahesabu pumzi, ndipo asimame.

"Na ile ladha?" Komeo aliuliza. "Ya chuma."

"Dawa hiyo hubadili ulimi. Wengi wanasema chuma, wengine wanasema sabuni. Sukutua kwa maji ya chumvi kabla ya kula, tumia kijiko cha plastiki. Hukuniuliza siku zote hizo?"

"Nilidhani najua inakotoka."

"Na vidonge vyeupe, unavimeza nusu saa kabla ya chakula?"

Komeo aliikazia macho dripu mpaka muuguzi akaacha kuandika. Kisha akamwambia habari za kufuli la dirishani. Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mzee," alisema hatimaye, "umeteseka wiki zote hizi na dawa iko dirishani?"

Nyumbani Mama Pacha alikuwa amehamishia mto wake chumba cha mabinti. Mezani alikuta trei ya mayai mabichi, mkungu wa ndizi na sufuria tupu.

"Nitakununulia," mkewe alisema bila kumtazama. "Lakini sitakupikia. Kilichopita mkononi mwangu hutakula tena, usije ukalala macho."

"Mama Pacha, nilikuwa naumwa."

"Ulikuwa unaumwa. Mimi nilikuwa nani?"

Siku zilizofuata alijichemshia mayai yake akiwa amekaa kwenye kiti, dirisha wazi. Alimeza vidonge kwa wakati wake, na kile kichefuchefu kikalegea, hakikuondoka lakini kikasogea mbali kama mtu aliyekwenda kukaa barazani. Alikunywa maji ya limau. Kizunguzungu kilipungua mpaka akaweza kwenda dukani na kurudi. Mwili ulikuwa unarudi kwenye mstari na nyumba ilikuwa kimya kama stoo. Mkewe alimsalimu, alimfulia, alimuuliza kama amekunywa dawa. Hakumkalia pembeni.

Bado alishuku, lakini sasa alijishuku mwenyewe. Alijikuta akichunguza kila wazo lililompitia: hili nalo nimelitoa wapi? Alipomsikia mkewe akiongea na mabinti kwa simu chumbani na kusikia "baba yenu", alisogea mlangoni, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba.

Alasiri moja Mama Pacha alichukua sufuria akatoka. Komeo alikaa ukingoni mwa kitanda, akahesabu pumzi, akasimama. Hakunyata. Alivaa shati, akapita katikati ya ua, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

Sindano alimwangalia mwenzake. Mama Pacha hakuinua kichwa.

"Nimekuja kula," Komeo alisema.

"Mayai yamekwisha?" Mama Pacha aliuliza.

"Yapo. Nataka kile kilichoko kwenye sufuria."

Walimpa kigoda nje ya mlango, upande ambao upepo ulipeleka harufu kwingine. Mama Pacha alipakua wali, akaupepea upoe, akakamulia limau, akanyunyiza chumvi. Alimpa sahani na kijiko cha plastiki, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. Komeo alikula kijiko cha kwanza. Ladha ya ufunguo ilikuwepo, nyuma kabisa. Akala cha pili. Akala cha tatu, jasho likamtoka juu ya mdomo, akajua kinachokuja. Alijitahidi. Alitazama mbali, akavuta pumzi kwa pua kama alivyofundishwa. Cha nne alikimeza kwa ujasiri wa mtu anayetia sahihi, kisha akageuka haraka, akatapika vyote kwenye maua ya Sindano.

Alibaki ameinama, mikono magotini. Alikuwa tayari kulia.

"Basi," Mama Pacha alisema, "hata sumu yenyewe sijui kuiweka ikakaa."

Sindano ndiye aliyeanza kukoroma kwa kicheko. Mama Pacha akafuata, bila kutaka, mkono mdomoni. Komeo akacheka pia, akiwa bado ameinama, na kucheka kulimuuma mbavu. Mkewe alimpa maji asukutue. Alimshika kisogo wakati anasukutua, kama alivyofanya siku za mwanzo kabisa, na hakumwambia neno lolote la kumsamehe, wala yeye hakuomba. Mto haukurudi usiku ule. Ulirudi baadaye, siku ambayo hakuna aliyeitaja.

Matibabu yalikwisha. Uvimbe uliyeyuka mpaka daktari alipopapasa shingo hakuupata, akasema arudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa. Komeo alichukulia maneno hayo kama anavyochukulia mlango uliofungwa vizuri: anaushukuru, na atarudi kuutikisa.

Siku ya mwisho ya dripu alikaa karibu na mzee mgeni aliyekuwa ameinamia ndoo. Mzee huyo alimvuta shati akamnong'oneza kwamba mkwewe, mke wa mwanawe, anamtilia kitu kwenye uji. Una ladha mbaya, alisema, na yeye mwenyewe si kipofu. Komeo alimtazama. Angeweza kumwambia mengi.

"Inawezekana," alisema. "Lakini kunywa maji kwanza, mzee. Kunywa maji, meza kidonge, kula biskuti moja. Halafu ndio umshuku ukiwa na nguvu."

Kibandani alirudi kidogo kidogo, asubuhi tu, ameketi. Wateja hawakuwa wamehama. Wengi walijua muda mrefu kwamba anaumwa na walikuwa wakimngoja. Hilo nalo lilimkera kwa wiki nzima. Ladha ilirejea polepole, kwanza chumvi, kisha sukari, mwisho kabisa vitunguu.

Mama Pacha siku hizi anapika nyumbani, na wanakula pamoja. Lakini alasiri moja moja huchukua sahani yake akavuka ua kwenda kwa Sindano, hasemi kwa nini, na haulizwi. Komeo hukaa dirishani na tupa yake. Huwasikia wakiongea chini chini, kisha kimya, kisha kicheko kirefu. Angependa sana kujua wanamcheka nani. Hutaka kuinuka, hukaa ukingoni mwa kiti, huhesabu pumzi, na hubaki hapo hapo.